Wakala alishusha bei ya mzigo wangu bila kuniambia, sasa kontena limezuiwa

Shikamoo mama,

Nina miaka 36, na nina duka la vyombo vya nyumbani Kariakoo, jirani na Mtaa wa Kongo. Nilianza kwa kununua kwa wauzaji wa jumla. Baadaye nikawa naingia kwenye kontena za wenzangu, nalipia kwa CBM (mita za ujazo), mzigo ukifika napigiwa simu nikachukue maboksi yangu. Mwaka huu nikajikaza. Nilichukua mkopo benki, nikaongeza na mauzo ya Ramadhani, nikaenda Yiwu, China, mwenyewe kuagiza kontena zima la futi 40. Nusu ya thamani yake ni vyombo vya plastiki na chupa za chai, nusu ni sahani na vikombe vya kauri pamoja na mapazia.

Mzigo ulinigharimu dola 18,400. Nauli ya meli kutoka Ningbo ilikuwa dola 3,400 na bima dola 200. Dola 12,400 nilizituma kwa benki. Zile 6,000 zilizobaki zilipitia kwa kijana wa Kitanzania aliyeko Guangzhou: mimi nilimpa ndugu yake shilingi hapa Kariakoo, yeye akamlipa muuzaji kwa WeChat.

Wakala wa kutoa mzigo nilipewa na rafiki. Alinikatia bei moja, shilingi milioni 21, kila kitu ndani, mpaka kontena linafika mlangoni kwangu. Nilimtumia invoisi, pakingi listi na BL (hati ya meli ya mzigo) kwa simu, nikampa na TIN yangu. Akaniambia, "Dada, makaratasi niachie mimi, wewe andaa rafu za dukani."

Siku ya kumi na moja tangu meli ishushe akanipigia kwamba kontena limeangukia nyekundu, njia ya ukaguzi, na linafunguliwa lote. Nilikwenda bandari kavu mwenyewe. Walikata lakiri mbele yangu. Mlangoni yalikuwa mabeseni na ndoo, ofisa anasoma karatasi yake anatikisa kichwa kukubali. Walipofika katikati yakaanza kutoka maboksi ya sahani, kisha marobota ya mapazia. Ofisa akanigeuzia ile karatasi akauliza, "Mama, hii ni plastiki?" Ilikuwa invoisi yenye jina la muuzaji wangu na jina langu, lakini sikuwahi kuiona. Imeandikwa vyombo vya plastiki tu, thamani pamoja na nauli na bima dola 8,000, na muhuri wake si ule wa invoisi yangu.

Siku tisa zilizopita nimepewa barua. Invoisi imekataliwa, thamani wameiweka dola 30,000, na natakiwa kujieleza kwa maandishi kuhusu tamko la uongo. Wakala anasema nimpe milioni 6 nyingine ayamalize kimya kimya, na nisipompa atasema invoisi nilimpa mimi. Mume wangu ananiambia nilipe tu wanachotaka nitoe mzigo, kwa sababu storeji na demareji (tozo za mzigo na kontena kukaa) vinakula kila siku na marejesho ya mkopo yanaanza mwezi ujao. Mimi usingizi sipati. Je, mimi ni mhalifu? Hiyo milioni 6 nitoe? Na ile dola 30,000 nikubali?

Mfanyabiashara wa vyombo, Kariakoo

*

Marahaba mwanangu.

Hiyo milioni 6 usiitoe. Hata nusu yake usiitoe, wala usimwahidi kwenye simu kwamba utaangalia. Leo hii kwenye kesi hii yupo mtu mmoja aliyetengeneza karatasi ya uongo, naye si wewe. Siku utakayotoa fedha "ya kumaliza" mtakuwa wawili, na yeye ndiye atakayekuwa na ushahidi juu yako. Ujumbe wake wa vitisho usiufute, upige picha wenye tarehe na namba yake. Akiendelea, TAKUKURU wanapokea simu bure kwa 113.

Nimefanya kazi ya uwakala wa forodha miaka 22, na barua kama yako nimeshaziona nyingi. Kinachowamaliza wafanyabiashara wengi ni kuchanganya mambo mawili kuwa moja. Wewe una tatizo la tamko la uongo na una tatizo la thamani. Yote mawili yamezaliwa na invoisi moja, lakini kila moja lina mlango wake, barua yake na siku zake. Ukiingia ofisini na yote mawili kwenye pumzi moja, utaonekana unakana kosa kwa kulalamikia bei.

Tuanze na hesabu, maana hofu hupungua mtu akijua anachodaiwa.

Thamani ya forodha kwetu ni bei uliyolipa, pamoja na nauli ya meli na bima mpaka bandarini. Kwako ni 18,400 na 3,400 na 200, yaani dola 22,000. Tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki una ngazi nne za asilimia, 0, 10, 25 na 35, na katika makundi yaliyopelekwa kwenye 35 zimo bidhaa za kauri na za nguo. Nitachukulia kwamba plastiki na chupa za chai ziko kwenye 25, na nusu nyingine iko kwenye 35. Hakikisha kila namba ya HS (ya kuainisha bidhaa) kabla hujaandika chochote, kwa sababu kila mwisho wa Juni gazeti la Jumuiya hutoka na mabadiliko, na kila nchi huwa na bidhaa ilizoombea kiwango chake.

Nusu ya kwanza, dola 11,000 kwa asilimia 25, ushuru ni 2,750. VAT haipigwi juu ya 11,000, inapigwa juu ya 13,750, yaani thamani na ushuru wake. Asilimia 18 ya hiyo ni 2,475. Jumla 5,225. Nusu ya pili, 11,000 kwa asilimia 35, ushuru ni 3,850, na VAT juu ya 14,850 ni 2,673. Jumla 6,523. Ukiunganisha, kodi yako halali ni dola 11,748, ukiacha tozo ya reli na ada nyingine za forodha ambazo zinapigwa pembeni.

Sasa rudi kwenye milioni 21 uliyokatiwa. Dola 11,748, hata ukizipiga kwa shilingi 2,400, ni zaidi ya milioni 28. Na hapo bado bandari, bado bandari kavu, bado lori, bado ujira wa wakala mwenyewe. Bei aliyokupa haikuweza kutimia bila mtu kudanganya mahali fulani. Sikwambii hivi kukulaumu. Nakwambia kwa sababu ofisa atakuuliza swali hilo hilo, "Mama, ulifikiri milioni 21 inatosha?", na lazima uwe na jibu la kweli. Kama ulikuwa hujui kodi yako ni kiasi gani, sema hukujua. Hiyo ni kweli na haikufungi. Ukisema wakala ni mwizi na wewe ulikuwa na hesabu zote, utakuwa umejifunga mwenyewe.

Kwa invoisi yake ya dola 8,000, yote plastiki, ushuru ungekuwa 2,000 na VAT 1,800. Dola 3,800 tu. Katika milioni 21 yako, iliyobaki baada ya kodi hiyo na gharama za bandari na lori ndiyo ingekuwa faida yake. Ukishalitazama jambo kwa namba hizo, huyu mtu hakufanya uzembe.

Umeniuliza kama wewe ni mhalifu. Sheria inayotawala forodha ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kifungu cha 147 kinamfanya wakala aliyeidhinishwa awajibike kama mwenye mali. Wenye mali wengi hukishika hicho wakadhani wamepona. Kinachofuata, cha 148, kinasema mwenye mali anawajibika kwa matendo na matamko ya wakala wake. Kwa hiyo tamko lile lina TIN yako na ni lako, hata kama kidole kilichobonyeza hakikuwa chako. Kifungu cha 203 kinaweka kifungo cha mpaka miaka mitatu au faini isiyozidi dola 10,000 kwa tamko la uongo. Nimekuandikia hivyo bila kupunguza, kwa sababu ni heri ukisome kwangu kuliko kukisikia mara ya kwanza kwa wakala akikutisha nacho.

Lakini sheria hiyo hiyo ina kifungu cha 219. Kinampa Kamishna uwezo wa kumaliza kosa kwa malipo bila kwenda mahakamani, mhusika akikiri kwa maandishi na kuomba yamalizwe hivyo. Ndivyo kesi nyingi za aina yako zinavyoisha. Ila hapa ndipo nakuomba utafute wakili au mshauri wa kodi, hata kwa saa moja, kabla hujasaini. Kukiri kwamba tamko halikuwa sahihi ni jambo moja. Kukiri kwamba ulijua si sahihi na ukalipeleka ni jambo jingine kabisa, na karatasi ikishasainiwa haitofautishi ulichokusudia na kilichoandikwa. Barua yako ya maelezo iseme ulivyoniambia mimi, kwa mpangilio wa siku: lini ulimtumia invoisi halisi, kwa simu ipi, alijibu nini, lini uliiona invoisi ya pili kwa mara ya kwanza. Ambatisha ile meseji uliyomtumia nyaraka. Hiyo meseji, mwanangu, ndiyo mali yako kubwa kuliko sahani zote zilizomo mle. Inaonyesha kwamba karatasi ya kweli ilitoka mkononi mwako kabla tamko halijapelekwa. Kama iko kwenye simu, leo hii itoe nakala, maana simu huanguka na simu huibiwa.

Tuje kwenye thamani, ambako ndiko una haki ya kusimama.

Wao wameweka 30,000. Kwa mgawanyo ule ule wa nusu kwa nusu, kodi yake ni dola 16,020. Ukitoa 11,748 yako ya kweli, mnagombania dola 4,272. Ijue namba hiyo na utembee nayo, ndiyo itakayokuambia vita hii ina thamani ya siku ngapi za storeji.

Ofisa haruhusiwi kutoa thamani hewani. Sheria ina njia sita za kukadiria, na zinafuatwa kwa mpangilio. Ya kwanza ni bei iliyolipwa hasa kwa mzigo ule ule. Wakiitilia shaka, na kwa karatasi ile ya 8,000 walikuwa na kila sababu ya kuitilia shaka, ndipo wanashuka kwenye bei za mizigo inayofanana iliyoingia karibuni, na kuendelea chini. Wewe unataka kuwarudisha kwenye njia ya kwanza, kwa invoisi ya kweli. Ukiomba kwa maandishi, una haki ya kuelezwa kwa maandishi thamani hiyo wameipataje. Omba. Mara nyingine utakuta wamelinganisha sahani zako na sahani za daraja la juu, na katalogi ya muuzaji wako peke yake inaweza kulimaliza jambo.

Wapelekee mkataba au oda uliyosaini Yiwu, invoisi halisi yenye bei ya kila bidhaa, pakingi listi yenye namba za maboksi, risiti ya nauli, cheti cha bima, na hati ya benki ya zile dola 12,400. Za 6,000 ndizo zitakazokutoa jasho. Fedha iliyopita mkononi kwa mkono haina karatasi, na ofisa atakuambia kwamba kama 6,000 zilipita pembeni, atajuaje kwamba hazikupita 14,000? Muombe muuzaji risiti yenye muhuri wa kampuni yake kwa malipo yote, awamu kwa awamu, na picha ya muamala wa WeChat yenye tarehe na jina la aliyelipa. Muombe na kijana wa Guangzhou aandike na kusaini kwamba alilipa kwa niaba yako. Usiziunganishe zote kuwa dola 18,400 za benki. Sema 12,400 zilipita benki, 6,000 zilipita hivi. Mtu anayeonyesha mwenyewe palipo pabovu ndiye anayeaminiwa kwingine kote.

Kuna mtu atakushauri uombe pia tamko la forodha la China, lile la kusafirisha mzigo nje. Lina uzito mkubwa kama ushahidi. Lakini lisome kwanza, au usomewe na mtu anayejua Kichina. Mizigo ya soko la Yiwu inayokusanywa kutoka vibanda vingi huweza kutangazwa kule kwa majina ya jumla na thamani ya jumla, na ikiwa limeandikwa kiasi tofauti na invoisi yako utakuwa umeleta swali jipya mezani. Likitofautiana, muuzaji aeleze sababu kwa barua, na hiyo barua iambatane nalo.

Miaka ya nyuma nilikuwa na mteja, mzee wa viatu, thamani yake ilipandishwa karibu mara mbili. Hakuwa na kompyuta wala karani. Alikuwa na daftari la mistari, lile la wanafunzi, kila ukurasa tarehe, idadi ya jozi, bei kwa yuani, aliyempa fedha, na kona ya chini saini ya muuzaji. Ofisa aliligeuza ukurasa kwa ukurasa, akilinganisha na hati za benki, zikawa zinakutana. Alikaa nalo kama dakika arobaini bila kusema neno. Thamani ilirudi ilipokuwa. Kama ulipokuwa Yiwu uliandika popote, hata nyuma ya bahasha, tafuta.

Kuhusu siku. Kifungu cha 229 kinakupa siku 30 tangu uamuzi kuomba Kamishna aupitie upya. Umeshatumia 9. Naye ana siku 30 za kukujibu tangu apokee, na asipojibu sheria inachukulia kwamba ombi lako limekubaliwa. Ndiyo maana muhuri wa kupokelewa na tarehe yake ni muhimu kama barua yenyewe. Ukikataliwa, unakwenda Bodi ya Rufani za Kodi, na hapo una siku 45. Na ikiwa katika kujieleza huku utapewa notisi rasmi kwamba mali imekamatwa, hiyo ni saa nyingine inayoanza kuhesabu: una mwezi mmoja wa kuandika kwamba unaidai. Usiichanganye na ile ya siku 30 za thamani.

Mume wako ana hoja, na nisingependa umwone kama mtu asiyekuunga mkono. Kontena likikaa mwezi mzima likisubiri jibu, storeji na demareji vinaweza kumeza hizo dola 4,272 na kubakiza deni. Ila hulazimiki kuchagua kati ya kulipa kila kitu na kukaa kusubiri. Kifungu cha 122 kinaruhusu mzigo utoke wakati thamani ya mwisho bado inashughulikiwa, mwenye mali akiweka dhamana ya kutosha. Waombe ulipe kodi ya thamani unayoikubali, 11,748 na tozo zake, na zile zinazobishaniwa uziwekee dhamana ya benki au amana. Nenda kwa ofisa wa mkopo wako na barua hizi mkononi. Benki iliyokukopesha kwa ajili ya mzigo huo inataka utoke na uuzwe kama unavyotaka wewe.

Na hata mkiamua kulipa yote mtoe mzigo, kulipa hakuwafungii mlango wa 229, mradi ombi liwe ndani ya siku 30 na uandike wazi kwamba umelipa bila kuikubali thamani.

Jambo moja ambalo mawakala wachache huwaambia wateja. Storeji ni ya eneo, unalipa kwa bandari kavu. Demareji ni ya kontena lenyewe, unalipa kwa mwenye meli kwa sababu umekaa na chuma chake kupita siku za bure. Kwa hiyo chuma kinaweza kurudi kabla mzigo haujatoka. Omba kibali cha forodha mzigo ushushwe kwenye ghala chini ya uangalizi wao, kontena tupu lirudishwe, na demareji inasimama siku hiyo hiyo. Storeji itaendelea, lakini utakuwa umeziba tundu moja. Kwa sahani za kauri simamia mwenyewe ushushaji. Hao vijana hulipwa kwa haraka, na boksi la vikombe likidondoka hulisikii kwa sababu ya kelele za foko. Kisha mwandikie mwenye meli kuomba punguzo la siku zilizopita, ukiambatisha barua ya forodha. Wanapunguza zaidi ya watu wanavyodhani, lakini kwa anayeomba kabla ya kulipa.

Wakala wako, usimpigie tena. Andika kwa idara ya forodha ya TRA, wao ndio wanaotoa leseni yake, na leseni za uwakala huisha kila tarehe 31 Desemba. Nakala peleka TAFFA, chama cha mawakala, kama ni mwanachama. Lakini kwanza hakikisha leseni ni yake kweli. Wapo vijana wengi mjini wanaotembea na fulana na vitambulisho vya kampuni za watu, wanapeleka matamko kwa kuazima namba za kuingilia kwenye mfumo. Ikiwa wako ni mmoja wao, iko kampuni yenye leseni iliyomwazima, na kampuni hiyo ndiyo 147 inayoigusa. Kuhusu milioni 21 uliyokwisha kumpa, dai risiti za serikali za kila senti aliyolipa kwa jina lako. Iliyobaki ni deni, na wakili wako ataandika barua ya madai.

Nilipokuwa nasoma barua yako niliwaza mitaa ile ilivyofungwa Mei 2023, Waziri Mkuu wa wakati huo, Majaliwa, akakutana na wafanyabiashara pale Mnazi Mmoja, na tena maduka yakafungwa Juni 2024. Malalamiko mengi yalikuwa ya kweli, na la uingizaji wa mizigo lilikuwa miongoni mwake. Lakini nilisikitika kuona wengi waliokuwa wanakamatwa na mzigo dukani hawakuwa na karatasi hata moja yenye jina lao, kwa sababu walilipia CBM kwa mtu, na mtu ndiye aliyeonekana mbele ya sheria kuwa mwenye mali. Unaweza kuwa umelipa kodi yako ndani ya bei ile na bado ukashindwa kuionyesha. Wewe umetoka huko. Kontena hili, pamoja na maumivu yake yote, lina TIN yako, na ndiyo sababu leo una haki ya kuandika barua hata moja. Ukiwa umesajiliwa VAT, ile VAT ya forodha utaidai kwenye ritani zako kama kodi ya manunuzi, na hilo pia haliwezekani kwa karatasi yenye jina la mwingine. Zitunze nyaraka zote kwa miaka mitano. Forodha wanaweza kukufuata dukani kukagua muda mrefu baada ya mzigo kuuzwa.

Safari ijayo, kabla wakala hajalituma tamko akuonyeshe TANSAD nzima, yaani hati ya tamko la forodha. Isome mwenyewe: jina, TIN, maelezo ya kila bidhaa, namba ya HS, thamani. Ukiona kitu kimoja ambacho hukukitoa wewe, kisitumwe. Na ujira wake ukae kwenye mstari wake, kodi kwenye mstari wake, uilipe mwenyewe benki kwa namba ya malipo ya serikali. Wakala anayekasirika ukimwomba hivyo, mshukuru na uondoke.

Leo kaa chini uandike ombi la kupitiwa thamani, hilo ndilo lenye saa inayokimbia. Barua ya maelezo ya tamko subiri wakili, lakini isipite wiki hii, na isizidi siku uliyopewa. Chapa nakala tatu, mbili ziachwe, moja igongwe muhuri irudi na wewe. Ikishagongwa, nipigie picha huo muhuri unitumie niione tarehe.